Mtoto ana uvimbe kwenye figo: lazima figo yote itolewe? Tujadili upasuaji wa kuokoa figo na hizi roboti

Dada wa Picha (mtoa mada), Mbeya

Kamwene kwa wa Iringa, mugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, na wengine wote salaam.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, roboti ya mikono minne inamfanyia upasuaji wa figo mtoto mdogo huko ughaibuni. Tangu ianze kusambaa naulizwa kila nikiingia kazini: "Dada, hiyo mashine Mbeya inakuja lini?" Mimi ni mpiga picha za altrasaundi. Sishiki kisu, lakini figo za watoto ndizo ninazoziangalia kutwa. Nimeona niandike kirefu kwa sababu watu wameanza kuamini kwamba bila roboti mtoto hana namna, na wapo wanaokaa na mtoto mgonjwa nyumbani huku wakichangisha nauli ya India. Hilo linaniuma sana.

Nianze na figo yenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni 1, vinaitwa nefroni. Vyote vinatengenezwa mtoto akiwa tumboni mwa mama, na kazi hiyo inaisha karibu na wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja mpaka mtu anakufa. Ini likikatwa kipande linakua tena. Figo haiko hivyo. Vichujio vilivyobaki vinavimba na kubeba kazi ya vile vilivyoondoka. Mzee wa miaka 70 akipoteza figo moja, ile iliyobaki haitabebeshwa mzigo kwa muda mrefu. Mtoto wa miaka 3 ana miaka 60 au 70 mbele yake, na humo ndani kuna presha, kisukari, ajali za bodaboda, dawa kali, na mimba kama ni wa kike. Kwa hiyo daktari akiweza kukata sehemu mbovu na kubakiza figo inayofanya kazi, amempa huyo mtoto kitu cha kudumu.

Magonjwa yenyewe nayagawa makundi mawili, maana watu wanayachanganya.

Kundi la kwanza ni uvimbe. Saratani ya figo inayowapata zaidi watoto inaitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari wa Kijerumani aliyeiandikia kitabu mwaka 1899. Wengi wanaoipata wako chini ya miaka 5. Ubaya wake ni kwamba mtoto anacheza, anakula, halii. Mama anamwogesha, mkono unagusa kitu kigumu ubavuni, upande mmoja. Wachache wanakojoa damu. Wengine presha inapanda na hakuna anayejua, kwa sababu nani anampima presha mtoto wa miaka 3?

Huku kwetu kitu kigumu tumboni kwa mtoto kina jina moja tu: bandama. Anapewa dawa ya malaria, anapewa ya minyoo, halafu anapelekwa kwa mzee kuchanjwa. Mara nyingi nikimfunua mtoto shati ili nimpake jeli, nakuta chale zimepangwa mistari miwili mitatu juu ya uvimbe penyewe, nyingine bado zina unga mweusi wa dawa. Nikiona chale zilizopona kabisa najua uvimbe huu ulionekana zamani, na kwenye ugonjwa unaokua kwa kasi namna hii, hata mwezi mmoja ni muda mrefu.

Naomba sana, mtoto mwenye uvimbe tumboni asibonyezwebonyezwe wala kuchuliwa na mafuta. Wodini utakuta karatasi imebandikwa juu ya kitanda: USIBONYEZE TUMBO. Gamba la uvimbe huu ni jembamba. Likipasuka, seli zinamwagika tumboni, ugonjwa unapanda hatua, na mtoto ambaye angetibiwa kwa dawa nyepesi anahitaji dawa kali zaidi na mionzi juu yake.

Habari njema ni kwamba inatibika. Utaratibu wa Ulaya, ambao nchi nyingi zinaufuata, mtoto anaanza na dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: wiki 4 kama ugonjwa haujasambaa, wiki 6 kama umefika mapafuni. Uvimbe unasinyaa, ndipo anapasuliwa. Marekani wanapasua kwanza pale inapowezekana. Kwenye nchi zenye uwezo, takriban watoto 9 kati ya 10 wanapona. Naandika tena kwa sababu watu wakisikia saratani wanaanza kutafuta sanduku: 9 kati ya 10.

Sasa kuokoa figo kunaingia wapi? Kwa mtoto mwenye uvimbe upande mmoja, na figo ya pili nzima, kawaida ni kutoa figo yote yenye uvimbe, na huo ndio uamuzi sahihi kwa wengi. Mara nyingi uvimbe unakuwa umeimeza figo karibu yote. Lakini takriban watoto 5 hadi 7 kati ya 100 wana uvimbe figo zote mbili. Hao ukizitoa zote umewahukumu kusafishwa damu kwa mashine. Wapo waliozaliwa na figo moja tu. Na wapo waliozaliwa na dalili zinazoonyesha uvimbe unaweza kurudi upande wa pili: mtoto asiye na ile sehemu ya rangi kwenye jicho, au ambaye upande mmoja wa mwili ni mkubwa kuliko mwingine. Kama unamjua mtoto wa namna hiyo, hata kama ni mzima kabisa, anatakiwa apigwe altrasaundi ya figo kila miezi 3 mpaka afike miaka 7 hivi. Hiyo ni picha ya dakika chache, na hapo ndipo uvimbe unakamatwa ukiwa mdogo kiasi cha kuokoa figo.

Kwa watoto wa aina hii daktari anafanya kama mtu anayekata parachichi la Rungwe lililooza upande mmoja: anaondoa palipooza pamoja na ukingo mwembamba wa nyama nzuri, ili asiache uozo nyuma, na kilichobaki kinabaki kuwa parachichi. Ule ukingo ndio wenye kazi. Ukikata karibu mno unaacha saratani, ukikata mbali mno umetoa vichujio vya bure.

Kuna utafiti wa Marekani wa watoto wenye uvimbe figo zote mbili, uliochapishwa 2017. Walipewa kemo ya dawa tatu kwanza, wakapasuliwa kabla ya wiki 12 kupita, na madaktari walijitahidi kubakiza figo. Baada ya miaka 4, takriban 95% walikuwa hai. Miaka ya nyuma haikuwa hivyo kabisa.

Kundi la pili si saratani. Ni njia ya mkojo: mahali figo inapoungana na mrija pameziba au pamebana, mkojo unajaa, figo inatanuka kama inavyoonekana kwenye picha, nyeusi katikati, na nyama ya figo inazidi kuwa nyembamba pembeni. Hapa kuokoa figo ni kukata kile kipande kilichobana na kuunganisha upya. Upasuaji huu, ulioanzishwa na madaktari Anderson na Hynes, umekuwepo tangu 1949, na mpaka leo ndio huohuo, uwe wa mkono au wa roboti. Na hili ndilo kundi ambalo roboti inatumika zaidi kwa watoto, wala si la saratani.

Nawasilisha. Wataalamu wa kisu karibuni mniongezee.

Mzee wa Kabwe

Mtoa mada ubarikiwe, umeandika kwa moyo. Mimi swali langu ni la mtu wa kawaida. Hiyo roboti inajiendesha yenyewe? Umeme ukikatika je? Hapa Mbeya tunajua umeme wetu. Mtu anamlazaje mjukuu wake chini ya kitu kinachotegemea nyaya?

Mkulima wa Makete

Nasubiri majibu ya mzee hapo juu.

Na mimi nina la kwangu. Mtoto wa mdogo wangu alitolewa figo moja akiwa na miaka 2, kwa ugonjwa huo wa Wilms. Sasa anasoma darasa la tatu, anapanda milima ya Makete kuliko mimi. Kusoma uzi huu kumenitia hofu. Mnasema angebakiziwa? Tumdai nani?

Dada wa Picha

Kaka wa Makete, tulia kabisa, na umwambie mdogo wako atulie. Kwa mtoto aliyekuwa na uvimbe upande mmoja bila zile dalili za kuzaliwa nazo, uwezekano wa figo iliyobaki kushindwa kazi ndani ya miaka 20 ni chini ya 1%. Waliomtoa figo walimwokoa. Kubakiza kipande cha figo chenye saratani kungekuwa ndiyo kosa.

Anachohitaji ni kidogo: apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, akiwa ametulia na kwa kitambaa cha saizi yake, maana kile cha mtu mzima kinadanganya kwenye mkono wa mtoto. Apimwe mkojo kuona kama protini inapita. Asipewe diklofenaki wala brufeni ovyo kila akiumwa kichwa, na kila daktari atakayemwona aambiwe mapema kwamba ana figo moja. Mpira acheze.

Mzee wa Kabwe, swali lako namwachia mwenye fani, namwona yuko mtandaoni.

Kisu Kidogo (daktari wa upasuaji wa watoto)

Shikamoo mzee. Na dada, asante kwa uzi huu, hasa kwa ile karatasi ya USIBONYEZE TUMBO.

Roboti haijiendeshi. Neno lenyewe linapotosha watu. Inayotumika zaidi duniani inaitwa da Vinci, ya kampuni ya Intuitive Surgical, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000. Daktari anakaa kwenye kiti chumba hichohicho, kichwa kimeinama kwenye kioo cha kutazamia, vidole viko kwenye vishikio, miguu iko kwenye pedali. Akisogeza kidole, mkono wa mashine ndani ya tumbo unasogea. Asiposogeza, hausogei. Pembeni ya mgonjwa kuna daktari wa pili na muuguzi muda wote, na umeme ukikatika mashine ina betri za kuwapa muda wa kutoa vifaa na kufungua tumbo kwa mkono. Kila timu ya roboti lazima iwe inajua kufungua tumbo haraka. Asiyejua kisu cha kawaida hana ruhusa ya kugusa roboti, hilo nalisimamia.

Uzuri wake upo na ni wa kweli. Daktari anaona ndani kwa kina, kwa pande tatu, picha ikiwa imekuzwa. Ncha za vifaa zina kifundo kinachopinda kuliko kifundo cha mkono wa binadamu, na mtetemo wa mkono unachujwa. Hivi vyote vinaonekana pale unaposhona. Mrija wa mkojo wa mtoto mdogo ni mwembamba mno, na uzi wenyewe ni kama unywele. Kushona mduara mzima usivuje kwa vyuma virefu vilivyonyooka vya upasuaji wa kamera wa kawaida ni kazi inayochosha mabega na macho. Kwa roboti inakuwa kushona kama kwa mkono. Ndiyo maana kazi ya kuunganisha mrija ndiyo imeshika zaidi kwa watoto.

Kwenye kukata sehemu ya figo kuna jambo jingine: damu. Figo inapokea damu nyingi sana, hivyo mara nyingi unabana mshipa mkuu, unakata, unashona, unaachia. Kila dakika ya kubana, vichujio vinakosa hewa. Tunalenga kutozidi dakika 25 au 30. Roboti inasaidia kushona haraka, na zipo zenye kamera ya kuona rangi ya kijani inayodungwa kwenye mshipa, ikakuonyesha ni sehemu gani ya figo inapata damu na ipi haipati. Kwa mtoto aliyezaliwa na figo yenye sehemu mbili, nusu ya juu imekufa na ya chini ni nzima, hiyo rangi inakuonyesha mpaka wazi kabisa.

Lakini mtoto si mtu mzima mdogo. Vyuma vya da Vinci za sasa vina upana wa milimita 8. Kwa mtu mzima hiyo ni tundu dogo. Kwa mtoto wa kilo 8, matundu matatu au manne ya namna hiyo, yanayotakiwa yaachane ili mikono isigongane nje, unakosa pa kuyaweka. Gesi inayojazwa tumboni nayo lazima iwe ya presha ndogo, la sivyo inasukuma mapafu na kubana mishipa. Kichanga mwenye mrija ulioziba anafunguliwa kwa mkato mdogo ubavuni, na matokeo ni mazuri sawa, zaidi ya 90% wanafanikiwa kwa njia zote mbili.

Na kugusa. Kwa miaka mingi roboti haikumpa daktari hisia ya ugumu au ulaini wa anachoshika. Toleo la 2024 ndilo lililoanza kurudisha hisia hiyo kiasi. Kwenye uvimbe wenye gamba jembamba, ambao dada ameuelezea, kutohisi unavuta kwa nguvu gani si jambo dogo.

Kwa Wilms yenyewe sasa. Roboti imetumika, lakini kwa watoto wachache waliochaguliwa kwa makini sana. Uvimbe huu haukatwikatwi ndani ya tumbo, unatolewa mzima ndani ya mfuko. Kwa hiyo kama ni mkubwa kama kichwa cha kichanga, hata uutenganishe kwa roboti vizuri kiasi gani, mwishowe utapasua tumbo mkato mkubwa ili uutoe. Faida ya matundu madogo imekwisha hapo. Tena lazima utoe vinundu vya limfu ukavipeleke maabara, maana bila hivyo hujui ugonjwa umefika hatua gani, na hili limekuwa likisahaulika kwenye upasuaji wa matundu. Mwongozo wa Ulaya uitwao UMBRELLA uko wazi: kama figo inaweza kuokolewa kwa kufungua tumbo, fungua tumbo. Usimtoe mtoto figo yote ili tu umwachie kovu dogo.

Nilimsaidia bosi wangu kwa mtoto mwenye uvimbe figo zote mbili, kwa mkato mrefu wa tumbo. Tuliizungushia figo barafu iliyosagwa ili ipoe, tukapata muda zaidi wa kukata taratibu, altrasaundi ndogo ikiwa imewekwa juu ya figo penyewe kuonyesha uvimbe unaishia wapi. Barafu ile kwa roboti ni shida kuiweka. Kwa hiyo mtu akiniuliza roboti au mkono, nauliza kwanza: mtoto ana kilo ngapi, uvimbe una ukubwa gani, na uko wapi ndani ya figo. Ulioko pembezoni unatoka. Ulioko katikati, karibu na mishipa mikuu, unaweza kushinda mkono wowote.

Mama wa Ipogolo

Nimekuelewa daktari, lakini naomba niseme la upande wetu wazazi. Ukiambiwa mtoto wako ana saratani, huwezi kukaa kusubiri. Unataka kilicho bora duniani. Sisi kwenye ukoo tulikuwa tayari kuuza shamba la miti Mafinga tumpeleke mtoto India kwenye hiyo roboti. Nani atamlaumu mzazi?

Dada wa Picha

Mama wa Ipogolo, hakuna wa kumlaumu mzazi, na ningekuwa mimi ningeuza pia. Ninachoomba ni mpangilio. Shamba la miti haliuzwi kwa wiki moja. Pasi ya kusafiria, viza, barua za hospitali, michango: miezi inakatika. Uvimbe huu hausubiri. Na tiba ya mwanzo anayohitaji mtoto ni ya kemo, ambayo inapatikana nchini. Watoto wenye saratani wanatibiwa Muhimbili, na taasisi ya Tumaini la Maisha inabeba gharama ili mzazi asilipie. Kisera, watoto chini ya miaka 5 wana msamaha kwenye hospitali za umma. Ninajua msamaha unaweza kukwama dirishani, dawa ikawa haipo, mzazi akatumwa famasi ya nje. Hapo omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ofisi yake ipo na kazi yake ni hiyo.

Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, unashuka Kitonga, unapita Mikumi, mtoto amelala mapajani. Ni safari ngumu na inagharimu. Wengine wanakatisha kemo katikati kwa sababu msimu wa kupanda umefika na nyumbani wamebaki watoto wengine. Nawaelewa, lakini naomba ukoo ubebe hilo. Mchango wa kwanza uende kwa anayebaki kumlimia mama shamba ili yeye abaki wodini. Kwa maoni yangu huo unaokoa maisha kuliko mchango wa roboti.

Anza tiba. Wakati kemo inaendelea, picha zikapelekwa popote duniani kuombewa maoni, na kama madaktari watasema figo hii inaweza kuokolewa mahali fulani tu, mtasafiri na mtoto ambaye uvimbe wake umesinyaa.

Mama wa Ipogolo

Hilo la anayebaki shambani limenigusa. Asante mwanangu.

Mzee wa Kabwe

Marahaba daktari. Sasa bei. Mashine hiyo ni shilingi ngapi, na kwa nini serikali isiinunue moja kwa nyanda za juu kusini yote?

Kisu Kidogo

Mzee, ni zaidi ya dola milioni 1 kwa mashine peke yake. Kisha kuna mkataba wa matengenezo kila mwaka. Na vile vifaa vya mkononi, mkasi, koleo, kishika sindano, vina idadi ya matumizi iliyowekwa kiwandani. Ikiisha, mashine inakikataa hata kama bado kinang'aa. Hospitali inayofanya upasuaji wa aina hii mara chache kwa mwaka haiwezi kubeba gharama hiyo, na timu isiyofanya mara kwa mara mikono inasahau.

Sitaki watu wafikiri napinga. Siku itafika, Afrika Kusini na Misri wanazo. Lakini nikiulizwa leo fedha hiyo iende wapi kwa ajili ya figo za watoto wa Mbeya, Njombe na Iringa, nitasema: mashine za altrasaundi wilayani na watu wa kuzisoma, mtaalamu wa usingizi wa watoto, maabara ya kusoma vipande vya nyama ya uvimbe kwa wakati, na dawa za kemo zisizokatika. Vinkristini, mojawapo ya dawa hizo, ikikosekana wiki mbili, hakuna roboti itakayofidia.

Na kwa wale ambao watoto wao wamefanyiwa ule upasuaji wa kuunganisha mrija, iwe kwa mkono au kwa kamera: mara nyingi ndani huachwa mpira mwembamba unaoshikilia njia wakati inapona. Unatakiwa kutolewa baada ya wiki 4 hadi 6 hivi. Mtoto akirudi Chunya anakuwa mzima, hana maumivu, familia inaona hakuna haja ya kurudi. Mpira ukikaa miezi na miezi unaota mawe kwenye ncha zake zote mbili, na figo iliyookolewa inazibwa na kile kilichoiokoa. Muulize daktari siku ya kuruhusiwa: kuna mpira ndani? Unatoka tarehe ngapi? Akuandikie kwenye kadi.

Baba Mapacha, Kyela

Wakuu nimesoma mwanzo mwisho. Naomba msaada. Mke wangu ana mimba ya wiki 32. Juzi amepigwa altrasaundi, karatasi imeandikwa figo ya kushoto ya mtoto imetanuka, milimita 12. Tumeambiwa turudi baada ya kujifungua, basi. Nimekuwa silali. Ndiyo saratani? Ataanza kupasuliwa akizaliwa? Tukajifungulie Dar?

Dada wa Picha

Baba, pole, ila lala. Hiyo si saratani. Ni mkojo unaokusanyika kwenye mfuko wa figo, nasi tunauona kwa watoto wengi walioko tumboni. Baada ya wiki 28, tukipata milimita 10 au zaidi tunafuatilia kwa karibu, na hiyo ya 12 iko humo, ila wengi wa hawa hawaishii kupasuliwa. Inapungua yenyewe mtoto anavyokua.

Hakuna sababu ya kujifungulia Dar kwa ajili hiyo, wala ya kupasuliwa mama. Ila nataka mrudi mlikopiga muulize mambo ambayo hujayaandika hapa: figo ya kulia ikoje, kibofu cha mtoto kinajaa na kutoka au kimejaa muda wote, maji ya uzazi yanatosha au yamepungua, na kama jinsia imeonekana. Kwa mvulana mwenye figo zote mbili zimetanuka na kibofu kinene, kuna ugonjwa wa kizuizi kwenye njia ya mkojo chini, na huyo anaangaliwa siku hiyohiyo anapozaliwa.

Kama ni figo moja tu na kibofu kiko sawa, akizaliwa asipigwe picha siku ya kwanza. Mtoto mchanga siku mbili za mwanzo ana maji machache mwilini, figo iliyotanuka inaweza kuonekana nzuri, mkaambiwa amepona. Subirini saa 48 zipite, apigwe ndani ya mwezi wa kwanza, kisha irudiwe kama atakavyopanga daktari. Akipata homa bila mafua wala kikohozi, msimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Apimwe na mkojo siku hiyohiyo.

Baba Mapacha, Kyela

Nimempigia aliyempima, amenijibu vizuri sana. Kulia ni nzima, kibofu kinajaa na kutoka, maji yanatosha. Amesema ni wa kike. Je, kama itabidi apasuliwe baadaye, nisubiri awe mkubwa ili roboti iwe imefika?

Kisu Kidogo

Usisubiri mashine, baba. Tutaangalia mambo mawili: nyama ya figo inazidi kuwa nyembamba au la, na kipimo cha mionzi midogo kinachoonyesha figo hiyo inafanya asilimia ngapi ya kazi. Ikishuka, au akipata maambukizi ya mkojo yanayojirudia, anapasuliwa kwa mkato mdogo ubavuni, hata akiwa na miezi michache. Figo iliyokwisha kufa haiokolewi na roboti ya aina yoyote. Isiposhuka, tunaendelea kuitazama kwa altrasaundi na anakua na figo zake mbili.

Dada wa Picha

Na picha zote zitunze baba, karatasi na picha zenyewe, kwenye bahasha moja. Mtu atakayempiga akiwa na miezi 6 anahitaji kulinganisha na ya leo. Mlipo Kyela, akizaliwa, mwombe muuguzi aandike tarehe ya picha ya kwanza kwenye kadi ya kliniki kabla hamjatoka wodini, kwa sababu wiki ile nyumba inajaa wageni na tarehe inapita.